Baada ya Moto: Nyumba Irudishwe kwa Utaratibu



Nataka leo kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo hakuna apendaye kulitaja, nalo ni nyumba kuungua. Habari za kuzima moto tumekwisha kuzisikia mara nyingi. Lakini ni mara chache tunapoelezwa yatupasayo kufanya asubuhi ya pili, majivu yakiwa bado yafuka moshi na watoto wamejifunika kanga za jirani. Hapo ndipo wengi hupatwa na hasara nyingine. Mmoja huangukiwa na ukuta, mwingine hupoteza haki yake, na wa tatu hutumia fedha za mchango kuezeka juu ya ukuta uliokwisha kufa.

Kwa hiyo neno langu ni hili: ukuta kusimama si dalili ya kuwa ni mzima. Mtu asijenge mpaka amejua ni kitu gani kilichobaki na nguvu.

Kwanza, msiingie upesi. Makaa hujificha ndani ya magodoro, magunia ya nafaka na nguzo, na moto huweza kufufuka usiku. Kama nyumba ina umeme, mtu ye yote asiguse waya mpaka mafundi wa kampuni ya umeme wameukata. Vyakula na dawa vilivyopatwa na joto au moshi vitupwe, hata mkebe ambao haukufunguliwa, ikiwa umevimba. Najua ni uchungu kutupa unga wakati wa shida, lakini ugonjwa ni ghali kuliko unga.

Pili, zishughulikieni karatasi. Nendeni kwa polisi na kwa chifu mkaeleze yaliyotokea, mpate ile karatasi ya polisi iitwayo abstrakti. Ndiyo itakayowasaidia kupata kitambulisho kipya. Na hati ya shamba ikiungua, msikate tamaa. Karatasi imeungua, lakini haki haikuungua, maana jina la mwenye shamba limo katika daftari ya msajili wa ardhi. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, msajili hutangaza habari hiyo katika Gazeti la Serikali, kisha siku 60 zikipita pasipo pingamizi aweza kutoa hati nyingine. Nenda mwenyewe ofisini, wala usimwachie dalali. Noti zilizoungua upande mmoja nazo zisitupwe, bali zipelekwe benki zikachunguzwe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, zipimeni kuta. Watu wa Pwani wanajua kwamba chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuu. Basi nyumba ya mawe hayo ikiungua kwa moto mkali, uso wa ukuta huweza kugeuka chokaa vile vile. Kwa macho waonekana mweupe na safi. Lakini mvua ikinyesha, chokaa ile hunywa maji, huvimba na kubomoka. Sehemu kama hiyo sharti ichongwe mpaka fundi afikie jiwe gumu, ndipo apige lipu mpya.

Zege nalo lina dalili zake. Likipata joto la nyuzi 300 za Sentigredi na zaidi, huanza kupoteza nguvu, na mara nyingi rangi yake huelekea wekundu. Fundi aligonge kwa nyundo. Likilia kwa sauti kali, ni dalili njema. Likitoa sauti nzito kama ya kitu chenye uwazi, kuna ufa ndani. Ikiwa ni nyumba ya ghorofa, nyundo peke yake haitoshi, aitwe mhandisi.

Nyumba za udongo za bara zina hatari nyingine. Nguzo hufichwa na udongo, nazo huweza kuungua polepole ndani kwa ndani huku ukuta umesimama. Kabla ya watoto kukaribia, mtu mzima achimbe kidogo chini ya nguzo na kuichoma kwa ncha ya panga. Lakini si kila boriti nyeusi ni ya kutupwa. Mti mnene huliwa na moto taratibu, pungufu ya milimita moja kwa dakika. Ukikwangua makaa na kukuta mti mzima wa kutosha ndani, umeokoa fedha.

Mabati yaliyoungua huonekana bado yafaa, lakini zinki inayoyakinga na kutu huyeyuka katika nyuzi 420 hivi. Bati lililopoteza zinki litaota kutu upesi. Litumieni kwa banda la kuku, si juu ya kitanda cha mtoto.

Nne, mkijenga upya, msirudishe kosa lililoleta msiba. Jiko na liwe mbali na nyumba ya kulala, na madirisha ya chuma yawe na njia ya kufunguka kutoka ndani. Wenye mapaa ya makuti waache nafasi kati ya nyumba na nyumba, kwa sababu cheche huruka na upepo.

Mwisho, nawaambia majirani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na desturi yetu ya harambee ni hazina kubwa. Lakini mchango uandikwe katika daftari mbele ya watu, na fedha za kujengea zisitolewe kabla ya kuta kupimwa. Siku mbili tatu za kungoja zitawachosha wenye msiba, hilo nalikubali. Wapeni mahali pa kulala siku hizo, muwapikie, na kuwatunzia watoto, ili wasilazimike kurudi chini ya ukuta usiojulikana hali yake.