Makato ya Shilingi Mia Mbili

Mtaani Kayole, vibanda vingi vya mboga vina kibao cha kijani cha Lipa na M-Pesa. Hakuna sheria iliyomlazimisha mama mboga akitundike; wateja wako kwenye M-Pesa, naye huwafuata.

Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani iliibana Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, mawakala wa M-Pesa wakawa huru kuhudumia mitandao mingine. Mwaka 2018 pesa zikaanza kuvuka moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Mwaka 2022 mteja wa Airtel Money akaweza kulipia kwenye nambari ya Lipa na M-Pesa. Ni hatua njema, ila M-Pesa ilianza 2007. Kwa nini tungoje miaka yote hiyo?

Na bado mnyonge anaumia kwenye makato. Kutoa shilingi 200 kwa wakala wa M-Pesa hukatwa shilingi 29. Tajiri anayetoa 2,000 hukatwa hizo hizo 29. Kisha mwaka 2023 serikali ikapandisha ushuru wa ada hizi kutoka asilimia 12 hadi 15.

Benki Kuu na Mamlaka ya Ushindani zianzie hapo, kwenye ada ya anayetoa nauli ya kwenda soko la Wakulima alfajiri.