Picha za Wazee Wetu



Mwaka huu tulipomzika mzee wetu mmoja, tuliletewa sanduku la picha zake. Hata moja haikuwa na jina nyuma. Yule aliyesimama kando yake, mwenye kanzu, ni nani? Aliyemjua ndiye tuliyemzika.

Basi twawasihi mketi na wazee wangali hai, mwandike majina kwa kalamu ya risasi iliyo laini, kwani wino hupenya hadi mbele. Picha isigusane na kioo cha fremu. Kwa unyevu wa Mombasa hugandamana nacho, na ukiibandua sura hubaki kiooni. Albamu za gundi ziacheni. Nakala ya simu ni njema, lakini simu huibiwa. Picha yenyewe itiwe katika bahasha ya karatasi, mbali na jua na mchwa.