Mama Aliyetaka Watoto Wote
(Maneno kwa wakristo na waalimu wa Nachingwea na Ruangwa)



Katika sikukuu hii tumetakiwa kusema juu ya amani. Sisi watu wa Nachingwea na Ruangwa si wageni wa vita. Wazee wetu walisimulia habari za Maji Maji ya 1905, na jinsi misioni ya Masasi ilivyoharibiwa. Tena, ndugu wa Msumbiji walipopigania uhuru wao, tangu 1964 hata 1974, askari wao walifundishwa hapa Nachingwea, na wakimbizi walivuka Ruvuma na watoto migongoni. Na mwaka 2017 vita vilizuka tena ng'ambo ya mto ule, katika Cabo Delgado. Basi twauliza: mtu asiye na bunduki wala cheo aweza kufanya nini? Na tuwatazame akina mama wa kaskazini ya Uganda.

Huko Joseph Kony aliinua uasi katika miaka ya 1980, na askari wake waliteka watoto kwa maelfu: wavulana wapigane, wasichana wawe wake za makamanda. Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996 waliingia katika shule ya Aboke, wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, pamoja na mwalimu John Bosco Ocen, akawafuata porini kwa miguu. Akasihi sana, akarudishiwa 109. Waliosalia 30 walizuiwa.

Mmoja wao alikuwa binti wa Bibi Angelina Atyam, mkunga wa Lira. Wazazi wakawa wakikutana kusali. Siku moja, katika Sala ya Bwana, walipofika penye kuwasamehe waliowakosea, ndimi zao zikakwama. Waliona wazi ya kuwa wanaomba wasilolitenda. Baadaye Bibi Angelina akaenda kwa mama mzazi wa kamanda aliyemshika bintiye, akamkumbatia, akamsamehe yeye na jamaa yake yote.

Wazazi wale wakaunda chama, wakasema hadharani habari za watoto wote waliotekwa, wala si za wale 30 tu. Sauti yao ikaenea hata nchi za mbali, na waasi wakaudhika. Wakampelekea neno: nyamaza, nasi tutakurudishia binti yako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani angemlaumu kama angekubali? Lakini alikataa, kwa kuwa kila mtoto aliyetekwa alikuwa kwake kama mwanawe. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya haki za binadamu. Bintiye hakurudi hata 2004, naye alikuwa amezaa watoto wawili huko utekwani.

Wengine nao hawakulala. Mwaka 2006 wanawake wa Uganda walichukua mwenge wa amani toka Kampala hata Juba, penye mazungumzo, wapate kusikiwa. Mwaka 2008 Kony alikataa kutia sahihi mapatano ya mwisho, na jeshi lake likaendelea kuwatesa watu wa Kongo na Afrika ya Kati.

Je, kazi ya akina mama ilipotea? Hasha. Sheria ya msamaha ya 2000, iliyoombwa na wazazi na viongozi wa dini, iliwafungulia maelfu njia ya kurudi nyumbani. Tena wanaporudi, ni mama anayewapikia na kuwaita kwa majina yao.

Basi, waalimu, mtoto aliyekimbia vita akiketi katika darasa lenu, msikubali aitwe mwana wa waasi. Nasi wazazi, tusiombee amani nyumba zetu peke yake. Amani ya nyumba moja kijiji kikiungua si amani. Ni zamu tu ya kungoja moto. Mungu atujalie moyo wa mama yule.