Mikoba ya Pikipiki Iliyolegea
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Mliponitaka niseme jambo la kutufaa sisi makarani tunaozunguka vijijini, najua wengine mlitazamia habari za mishahara. Nimechagua mikoba ya ngozi, wala sifanyi mzaha.

Masika ya mwaka jana mkoba wangu wa kushoto ulilegea hata ukagusa gurudumu la nyuma. Sikujua neno mpaka niliposikia harufu ya kuungua. Tairi ilikuwa imekwisha kuila ngozi na kupenya katika daftari la watoto waliochanjwa, kurasa zaidi ya thelathini. Ilinipasa kurudi kijiji kwa kijiji, nikiwauliza akina mama upya; na wengine kadi zao zimepotea. Tena nashukuru, maana kama spoki zingalinasa ukanda, gurudumu lingalikaza, na leo mngalimsikiliza msemaji mwingine.

Sababu yake ni hii. Ngozi ikilowa hulainika. Ikilainika chini ya mzigo hunyoshwa, nayo hukauka vivyo hivyo ilivyonyoshwa. Wengi huipaka mafuta kwa wingi wakidhani wanaiponya, kumbe wanazidi kuilegeza. Dawa ni kutia ndani kitu kigumu kiubebe mzigo badala ya ngozi. Lakini kitu gani?

Kadibodi yafaa kwa kupimia tu. Bati la chuma hupata kutu, makali yake hukata mshono, na katika unyevu chuma hutia doa jeusi lisilotoka katika ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Plaiwudi ya milimita 4 ni nzuri, nami nimeitumia. Walakini hunywa maji kwenye kingo, na matabaka yake huachana, isipokuwa kingo zote zimepakwa vanishi. Mimi nimechagua dumu la plastiki la lita 20, lile la mafuta ya kula, ambalo wake zetu hawapendi tulikate. Halilowi, halishiki kutu, hukatwa kwa kisu. Ni jembamba, basi weka mapande mawili pamoja.

Upande wa bomba la moshi, plastiki haifai, kwa kuwa joto huipinda. Hapo natia alumini ya milimita 1.5. Lakini msidanganyike: alumini iliyo ndani haiikingi ngozi iliyo nje. Ni lazima fundi aweke chuma cha kuuzuia mkoba usilikaribie bomba.

Msitie ugumu pande zote. Mgongo na sakafu vyatosha, kipande kimoja kilichokunjwa. Uso wa mbele na kifuniko viachwe laini, visije vikakataa kufungwa. Kikate kipungue milimita 5 kila upande, viringisha pembe, toboa matundu mawili chini maji yatoke. Kisha ilowanishe ngozi kidogo, tia kipande chako, jaza matambara, uache mkoba kivulini siku mbili au tatu. Itarudia umbo lake. Msiukaushe motoni, kwani ngozi hunywea na kupasuka.

Mikoba yangu iko nje juu ya pikipiki, chini ya mwembe. Atakaye na aifungue aione, ila wa kulia bado una plaiwudi, nao umeanza kuvimba pembeni.