Sumu Mwilini: Kazi ya Ini na Figo

Kila siku mwili wa binadamu huzalisha taka zake wenyewe na hupokea nyingine kutoka nje. Protini inapovunjwa hutoa amonia. Pombe na dawa huongeza mzigo. Ini hugeuza amonia kuwa yurea, huvunja pombe na dawa, kisha mabaki hutoka kwa njia ya nyongo au mkojo. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, hurudisha karibu yote mwilini, na hutoa mkojo wa lita 1 hadi 2.

Kwa kuwa kazi hiyo haisimami usiku wala mchana, mtu mwenye afya hahitaji dawa za kusafisha mwili mara kwa mara. Chai za kuharisha hupunguza maji na chumvi, si sumu. Baadhi ya mitishamba huweza hata kudhuru ini na figo.

Zipo sumu zinazoushinda mwili. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, yalisababisha vifo vya watu 125 nchini Kenya. Madini ya risasi nayo hujilimbikiza mifupani. Hugunduliwa kwa kipimo cha damu na, yanapozidi sana, hutibiwa hospitalini.

Kinga ni kukausha nafaka vizuri, kutupa zenye ukungu, kupunguza pombe na kutumia dawa kwa maelekezo ya mtaalamu. Macho yakiwa manjano, miguu ikivimba au mkojo ukipungua, mgonjwa apelekwe kituo cha afya mapema.