Matege Yasiyosikia Dawa

Leo tuzungumze juu ya matege.

Mtoto wa chini ya miaka 2 akiwa na miguu iliyopinda kidogo, usishtuke. Mara nyingi hunyooka yenyewe. Tunachoogopa ni mifupa laini: vifundo vya mikono vinavimba, miguu inazidi kupinda, mtoto anachelewa kutembea. Hapa Eastlands sababu kubwa ni kukosa jua. Ukiishi ghorofa ya pili kule Pipeline au Huruma, jengo limebanana na jengo, jua utalionea wapi? Na lile linalopitia kioo cha dirisha halisaidii. Maziwa ya mama nayo, pamoja na uzuri wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Watoto wengi wa namna hii hupona kwa jua, matone ya vitamini D, na vyakula vyenye kalisiamu kama maziwa na omena.

Lakini wako wachache wanaopewa yote hayo na wasipone. Hapo majirani huanza: "Huyo mama humfungia mtoto ndani."

Sikilizeni. Vitamini D ikishageuzwa na ini na figo huwa homoni, yaani ujumbe unaopita kwenye damu kuuambia utumbo ufyonze kalisiamu. Ujumbe huo hupokelewa na kipokezi; kichukulie kama sikio la seli. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba watoto wengine wamerithi jeni yenye hitilafu, na sikio hilo halisikii. Homoni imejaa kwenye damu, mifupa bado laini. Wengi wao pia hupoteza nywele kichwani, hata nyusi.

Hitilafu hiyo mtoto huirithi kwa baba na kwa mama, wazazi wenyewe wakiwa wazima. Kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4. Akina baba mnisikie, maana lawama humwangukia mama peke yake.

Tofauti ndogondogo za jeni hiyo wengi wetu tunazo. Watafiti wamezihusisha na kifua kikuu, lakini matokeo hayalingani nchi na nchi, kwa hivyo usimlipe mtu akupimie hizo.

Matibabu yapo: kalisiamu nyingi, pengine kupitia mshipa, chini ya daktari. Mtoto akimaliza miezi 3 ya matone bila nafuu, nenda Mama Lucy Kibaki uulize kama atumwe Kenyatta. Beba kitabu cha kliniki na chupa ya matone. Usimwongezee dozi mwenyewe. Vitamini D ikizidi huumiza figo.