Methali na Mahali Pake



Mwanafunzi wa Kenya anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne hujua mapema kwamba katika karatasi ya insha huenda akapewa methali, atunge kisa cha kuithibitisha. Mwenzake wa shule ya msingi Tanzania huandikiwa nusu ya methali, naye akaimalizia. Walimu wanastahili shukrani, kwa kuwa mazoezi hayo yamezifikisha methali kwa watoto wengi. Lakini mtoto hutoka darasani akiamini kuwa methali ni kanuni isiyopingika. Mhadhara huu unashikilia kwamba methali ni hoja, na hekima yake imo katika kujua pa kuisemea.

Ushahidi umo katika methali zenyewe, maana hupingana waziwazi. Katika kikao cha posa, mzee wa upande wa binti anayetaka muda wa kumchunguza kijana atasema, “Haraka haraka haina baraka.” Mshenga hanyamazi: “Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.” Kila mmoja ameshika msimamo wake na hakuna aliyevunjiwa heshima. Waliosikiliza ndio watakaopima ni ipi iliyosibu jambo lililo mbele yao. Kazi hiyo ya kupima haijazwi kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Methali nyingine hazieleweki vyema mpaka irudiwe kazi iliyozizaa. “Ukiona vyaelea, vimeundwa” ni kauli ya pwani, ya mahali kama Nungwi, Unguja, na Matondoni, kisiwani Lamu, ambako vyombo vya mbao huundwa kwa mkono. Mbao zikishafungwa, fundi hukalafati: nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta hushindiliwa kwenye maungio, pigo baada ya pigo, hadi maji yakose pa kupenya. Chombo kikishashushwa, abiria huona tanga na mwendo, wala haoni kalafati. Methali hii inamtetea fundi huyo.

“Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta” nayo inatoka kiwandani kwa mhunzi. Mtoto asiyeweza bado kufua chuma hupewa mivukuto, akachochea moto huku macho yake yakifuata nyundo. Ndani ya maneno matano mna mfumo mzima wa kumfunza kijana ufundi.

Wakusanyaji wamefanya kazi kubwa. Mwaka 1891, W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyeishi Mombasa, alichapisha mkusanyo wa methali za Waswahili. Mwaka 1981 Albert Scheven alitoa kitabu chenye methali zaidi ya 2,000, zikiwa zimepangwa kwa mada. Maneno yamehifadhiwa. Kinachohitajika sasa ni kuhifadhi matumizi yake: nani alisema, alimwambia nani, kulikuwa na ugomvi gani, na aliyeambiwa alijibu nini.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaweza kuianza kazi hiyo barazani, sokoni na kwenye vikao vya ukoo, wakiwa na daftari na ridhaa ya wanaorekodiwa. Mtihani nao unaweza kubadilika kwa gharama ndogo. Mtahiniwa apewe mgogoro mmoja, tuseme wa ndugu wawili wanaobishania kuuza shamba la urithi, pamoja na methali mbili zinazopingana. Achague moja, kisha aeleze kwa nini ndiyo inayofaa kwa ndugu hao, na kwa nini ile nyingine ingewapotosha.